Shangazi Hataki Kula

Wagonjwa ndio waliompa jina la Mama Kijiko. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpishi katika jiko la hospitali, na tangu mwaka wa kwanza alikuwa na tabia ambayo hakuna aliyemwajiri kwa ajili yake: akishapakua, hatulii. Anavua aproni yenye mafuta, anavaa nyingine safi, anapanda ngazi kwenda wodini kuona ni nani amekula na ni nani amerudisha sahani kama ilivyokwenda. Akimkuta aliyerudisha, anavuta kiti, anachukua kijiko.

"Hiki cha mama yako," anamwambia. "Hiki cha wanao. Na hiki cha yule jirani usiyempenda, ili upone urudi ukamuudhi."

Mgonjwa anacheka, na akicheka mdomo unafunguka, na ukifunguka Mama Kijiko hakosi shabaha. Masista walimwachia, maana kazi aliyoifanya kwa kijiko kimoja wao wangeifanya kwa nusu saa na kelele. Yeye mwenyewe alijua sifa zake na hakuzionea haya. Akiulizwa, alisema hajazaliwa mgonjwa wa kumrudishia sahani mara mbili.

Aliyekuja kumshinda alikuwa paka, tena paka wa nyumbani kwake.

Paka huyo aliitwa Shangazi. Binti yao wa pekee ndiye aliyemleta, ndani ya mkoba wa shule, kipaka cha kuenea kiganjani. Walipomweka chini alikaa katikati ya sebule akaanza kukagua pembe moja baada ya nyingine, na baba mtu akasema, "Huyu kaja kama shangazi yako, anatafuta vumbi." Jina likaganda. Binti akamaliza shule, akaolewa, akahamia mji mwingine. Shangazi akabaki na wazee. Sasa alikuwa na miaka kumi na saba, manyoya ya mgongoni yamekuwa kama brashi iliyotumika sana, na kitandani hapandi tena mpaka awekewe kigoda. Lakini kukagua hakuacha. Mgeni akiingia ndani na viatu, anatazamwa mpaka anavivua.

Mambo yalianza kwa masazo. Asubuhi moja Mama Kijiko aliosha kisahani cha Shangazi, akaona nusu ya samaki imebaki. Hakushtuka. Kesho yake ikabaki nusu na zaidi. Siku ya tatu samaki hakuguswa, na Shangazi alikuwa amekaa mbele ya kisahani, anakinusa, anajilamba midomo, kisha anageuka na kwenda zake kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Amechoka na samaki," Mama Kijiko alimwambia mumewe.

Mumewe alikuwa fundi redio. Meza yake ya kazi ilikuwa sebuleni karibu na dirisha, imejaa redio zilizofunguliwa matumbo, na yeye aliinama juu yake kutwa nzima, miwani imeshuka puani. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Labda," akajibu.

Mama Kijiko akabadilisha. Akaleta kuku, akamchambua nyuzi nyuzi. Akaleta maini. Akaleta kopo la chakula cha paka, kile chenye picha ya paka mnene anayecheka, ingawa siku zote alisema chakula cha kopo ni cha paka wasio na kwao. Shangazi alinusa vyote kwa adabu. Maini aliyatia mdomoni, akainamisha kichwa upande, akayatema kwenye sakafu.

Hapo ndipo Mama Kijiko alipoanza kukosa utulivu. Akawa hakai, hasimami. Akitoka kazini hapiti popote, anaingia na mkoba begani, anakwenda moja kwa moja kutazama kisahani kabla hajamtazama mumewe. Anakihamisha kutoka jikoni kwenda barazani, kutoka barazani kwenda chini ya kabati. Anakiosha kikiwa kisafi. Anampigia binti yake simu katikati ya mchana kumuuliza kama anakumbuka Shangazi alipenda nini utotoni. Binti anasema, "Mama, alipenda kamba za viatu." Mama anakata simu kwa hasira.

Mwishowe akasema liwalo na liwe, akapika supu yake.

Supu ile ilikuwa ndiyo silaha yake ya mwisho pale hospitalini. Kuku wa kuchemka taratibu tangu asubuhi, karoti, vitunguu maji vitatu vya kusagwa mpaka visionekane, na vitunguu saumu vya kutosha kumwamsha aliyezimia. Kuna watu waliotoka chumba cha upasuaji wakiwa hawajui jina lao, na supu ile ikawarudisha. Aliipoza, akaimimina kidogo kwenye kisahani, akapiga magoti.

Shangazi akanusa. Akatoa ulimi. Akalamba.

Mama Kijiko nusura apige vigelegele. "Fundi! Fundi, njoo uone! Anakunywa!"

Kuanzia siku hiyo ikawa ni supu asubuhi, supu jioni. Siku sita. Shangazi hakunywa nyingi, vijiko viwili, vitatu, lakini alikunywa, na Mama Kijiko akaanza kutembea tena kama mtu mwenye jina lake. Siku ya saba Shangazi hakuitaka supu. Siku ya nane hakutoka chini ya meza ya redio. Alikuwa amejikunja juu ya waya zilizokatwa, mate yanamchuruzika upande mmoja wa mdomo, na mkojo wake kwenye boksi la mchanga ulikuwa na rangi ya chai ya rangi.

Mama Kijiko akajaribu kumlisha kwa nguvu. Alikuwa ameleta sirinji isiyo na sindano, akaijaza supu, akamshika paka kwapani kama anavyoshikwa mtoto wa kunyweshwa dawa. Shangazi, ambaye hakuwa na nguvu ya kupanda kigoda, akapata nguvu ya kumkwaruza kutoka kiwiko mpaka kiganja. Supu ikamwagika kwenye redio ya mteja. Mama Kijiko akakaa sakafuni akiutazama mkono wake.

"Ana maumivu," akasema. Akainuka, akafungua mkoba, akatoa kidonge cha kutuliza maumivu, kile kile anachomeza yeye akiumwa kichwa, akaanza kukikata kwa kisu vipande vinne.

Fundi alitoka mezani. Aliuweka mkono wake juu ya kidonge. "Ngoja," akasema. "Kwanza tumuulize daktari."

"Daktari gani? Yule wa ng'ombe?"

"Huyo huyo wa ng'ombe."

Daktari wa mifugo alikuwa na kituo chake nyuma ya duka la pembejeo, chumba kimoja chenye meza ya bati na harufu ya dawa ya kuoshea sakafu iliyochanganyika na chakula cha kuku. Alikuwa mwanamke mfupi wa umri wa binti yao, bado amevaa mabuti ya mpira kwa sababu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kumzalisha ng'ombe. Walimkabidhi kikapu. Aliufungua mfuniko polepole, akamwacha Shangazi amtazame kwanza, wala hakumtoa kwa kumvuta.

"Shikamoo mama, shikamoo baba. Huyu bibi ana miaka mingapi?"

"Kumi na saba," wakajibu pamoja.

"Hongereni. Hajala tangu lini?"

Mama Kijiko akaeleza. Alieleza samaki, kuku, maini, kopo lenye paka anayecheka, mpaka rangi ya mkojo. Daktari alikuwa anasikiliza huku mikono yake ikifanya kazi: anavuta ngozi ya shingoni na kutazama inavyorudi polepole, anabonyeza tumboni, anainua mdomo wa juu kwa kidole gumba.

"Njoo utazame, mama. Taratibu. Unaona lile jino la nyuma?"

Mama Kijiko akaliona. Lilikuwa limeliwa kwenye shina, ufizi umevimba na kuwa mwekundu kama kidonda kibichi.

"Hilo linauma kila akitafuna. Ana njaa, hamu anayo, anakuja kwenye sahani, lakini akikumbuka maumivu anaondoka. Sasa tazama huku mbele." Akabonyeza ufizi wa mbele. "Huku kulipaswa kuwa na rangi ya waridi. Kwa nini ni mweupe hivi? Hii siyo ya jino. Amekuwa akila nini wiki hii?"

"Supu yangu tu," akasema Mama Kijiko, na hata wakati ule, pamoja na hofu yote, kulikuwa na majivuno kidogo ndani ya neno lile.

"Ndani mna nini?"

"Kuku. Karoti. Vitunguu maji, vitunguu saumu. Chumvi kidogo sana."

Daktari akaiondoa mikono yake kwa Shangazi. "Vitunguu vingapi?"

Mama Kijiko akasema. Daktari akavuta kigoda, akamwashiria akae. Mama Kijiko hakukaa.

"Mama, vitunguu kwa paka ni sumu. Vyote viwili, na saumu ndiyo mbaya zaidi. Vinavunja damu yake. Ndiyo maana fizi ni nyeupe, ndiyo maana mkojo umekuwa na ile rangi uliyoniambia."

Mama Kijiko alisikia maneno, akayaelewa moja moja, lakini yalikataa kukaa pamoja. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkoba bila yeye kujua, akatoa kile kidonge kilichokatwa.

"Na hiki?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Umempa?"

"Bado."

"Alhamdulillahi. Hicho kingemuua kabla ya kesho."

Fundi aligeuka akatazama ukutani, kwenye picha ya aina za mbuzi.

Daktari hakuwaficha. Alichukua damu, akaipima kwenye mashine iliyokuwa ikilia kama friji mbovu, akarudi na karatasi. Damu ilikuwa imepungua, lakini si ya kukata tamaa. Figo zilikuwa zimechoka, hilo lilikuwa ni la uzee na lingekuja hata bila supu. Na ini lilikuwa limeanza kulalamika, kwa sababu paka hana mwili wa kufunga. Siku mbili tatu bila chakula cha maana, ini lake lenyewe linaanza kuugua. Jino lingetoka, lakini si leo. Kumlaza paka huyu kwa dawa ya usingizi leo ni kucheza pata potea. Angebaki hapo siku tatu, atundikiwe dripu, apewe dawa ya maumivu ya paka na chakula laini kidogo kidogo, halafu ndipo waangalie.

"Atapona?" Fundi akauliza. Ndilo swali pekee aliloliuliza siku ile.

"Jino, ndiyo. Damu, naamini. Figo hazirudi, baba. Tutazibembeleza tu."

Walirudi nyumbani na kikapu kitupu. Mama Kijiko alikibeba kifuani kwa mikono miwili.

Ndani, hakuvua hata viatu. Alikwenda jikoni, akashika sufuria ya supu iliyobaki, akaimwaga yote, akaisugua sufuria mpaka vidole vikamuuma. Kisha akafagia. Kisha akaanza kupanga kabati ambalo lilikuwa limepangwa. Fundi alimvumilia kwa saa nzima.

"Mama, kaa chini."

"Nimempa sumu kwa mkono wangu mwenyewe. Asubuhi na jioni. Nimempigia na magoti."

"Hukujua."

"Mimi napika miaka ishirini na miwili! Nijue nini kama hilo silijui?"

Fundi akavua miwani. Aliifuta kwa pindo la shati, akaifuta tena. "Kuna jambo," akasema. "Nilimwona mwezi uliopita. Alikuwa anatafuna upande mmoja. Anainamisha kichwa, chakula kinadondoka."

Mama Kijiko akasimama na sahani mkononi. "Mwezi uliopita?"

"Kama wiki nne."

"Uliona, ukanyamaza?"

"Ningekuambia, ungelala? Ungemwacha alale? Ungemfungua mdomo mara kumi kwa siku. Nikasema labda ni jambo la kupita. Nyumba ilikuwa imetulia."

Mama Kijiko alitaka kulia, akakasirika badala yake, maana hasira ilikuwa karibu zaidi. Alimwambia kwamba mtu anayesikia redio ikikwaruza mtaa wa pili hashindwi kusikia paka anaumwa chini ya meza yake. Alimwambia kwamba utulivu wake ni uvivu uliovaa miwani. Fundi alichukua bisibisi, akaishika, hakuifanyia kitu. Mwishowe akasema, "Ni kweli," akaanza kuikausha ile redio iliyomwagikiwa supu, kwa pamba, shimo moja moja.

Siku tatu zile zilikuwa ndefu. Kituo cha daktari kiliruhusu simu mara moja kwa siku, saa sita, na Mama Kijiko alikuwa anaishi kuanzia saa sita moja hadi nyingine. Kazini mikono yake ilijua kazi, kichwa hakikuwepo. Alitia chumvi mara mbili kwenye maharagwe. Alimuuliza mwenzake saa ngapi, akamuuliza tena kabla jibu halijapoa. Siku ya pili aliunguza uji wa wodi nzima, sufuria ya lita arobaini, na moshi ukafika mpaka mapokezi. Wapishi wenzake walifungua madirisha kimya kimya. Hakuna aliyethubutu kucheka, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Akapanda wodini hivyo hivyo, akinuka moshi.

Kitanda cha kumi na moja kulikuwa na mzee mmoja, zamani alikuwa fundi viatu, vidole vyake bado vimepinda kama vimeshika shazia, ile sindano nene ya kushonea. Alikuwa amerudisha sahani siku ya nne mfululizo, na Mama Kijiko, aliyekuwa na paka kichwani, ndiyo kwanza alikuwa anaigundua. Akavuta kiti. Akachukua kijiko. Maneno yake ya kawaida, hiki cha mama yako, hiki cha wanao, akayaacha. Akakirudisha kijiko kwenye sinia.

"Mzee, una kidonda mdomoni?"

"Sina."

"Meno?"

Mzee akacheka bila sauti, akamfungulia mdomo usio na jino hata moja. Mama Kijiko akatazama kwa makini kama alivyomwona daktari akifanya. Fizi zilikuwa safi.

"Tumbo? Ukimeza, panauma?"

"Hapaumi popote, mwanangu. Sitaki tu. Nimekula miaka themanini na minne, inatosha." Akamtazama. "Na wewe leo unanuka moshi. Nani amekuunguzia?"

"Nimeunguza mwenyewe."

"Ahaa. Basi kaa kidogo. Usinilishe. Kaa tu."

Kukaa tu ndiko kulikokuwa kugumu. Goti lake lilikuwa linacheza lenyewe. Alitazama saa ya ukutani, akatazama sahani, akanyoosha shuka ambalo halikukunjika. Mzee akauliza kilichomsibu, naye, kwa haya, akijua kwamba katika wodi ile kila mtu ana yake mazito, akasema ni paka. Alitegemea mzee atacheka. Mzee aliuliza ana umri gani, ana rangi gani, na kama ana tabia ya kulala kwenye viatu. Kisha akasimulia juu ya paka aliyekuwa naye dukani, aliyekuwa akikojolea viatu vya wateja wasiolipa, na jinsi alivyopoteza mteja mmoja mzuri kwa paka kukosea kiatu. Mama Kijiko akacheka mpaka sista akachungulia. Dakika kumi na tano zikapita, na sahani haikuguswa, na hakuna aliyeitaja. Mwisho mzee akaomba maji baridi yenye ndimu. Alikunywa mafunda mawili, akafumba macho.

Mama Kijiko alishuka ngazi akimtafuta sista mkuu, si kwa ajili ya kumshtaki mzee. Alisema, "Yule wa kumi na moja, msimtie mpira wa chakula kabla hamjamuuliza. Anajua anachosema. Mwiteni mwanawe akae naye." Sista mkuu alimtazama kwa mshangao, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili Mama Kijiko hakuwahi kumtetea mtu asile. Mtoto wa yule mzee alikuja siku ileile, na siku ya nne wakaondoka pamoja kwenda nyumbani, mzee amekaa kwenye kiti cha magurudumu na kofia yake kichwani.

Jino la Shangazi liling'olewa siku ya Ijumaa. Daktari aliwaambia wasije mpaka awapigie. Mama Kijiko aliomba ruhusa kazini, na haikuwa busara, maana sasa hakuwa na sufuria ya kumshughulisha. Alizunguka nyumba. Alikunja nguo, akazikunjua, akazikunja kwa namna nyingine. Fundi alikuwa mezani, na redio zote zilikuwa kimya, na alipomwona mkewe anapita mara ya sita alisogeza kiti cha pili kwa mguu bila kuinua macho. Mkewe akakaa. Fundi akampa kikopo cha misumari midogo iliyochanganyika. "Nitengee," akasema. "Mirefu huku, mifupi huku." Wakakaa hivyo, bega kwa bega, wanatenganisha misumari ambayo haikuhitaji kutenganishwa, na hawakuwa wamesameheana bado, lakini walikuwa meza moja.

Simu ililia saa nane na robo. Iliangukia sakafuni kabla hawajaipokea, kwa jinsi mikono minne ilivyoigombea.

"Ameamka," alisema daktari. "Na ameshanikwaruza."

Walimleta nyumbani kesho yake na maelekezo kwenye karatasi. Chakula laini, kidogo kidogo. Kipashwe moto mpaka kiwe na joto la mwili, kwa sababu paka mzee pua yake imefifia, na asiponusa hali. Sahani pana isiyogusa masharubu. Maji sehemu tatu za nyumba. Kila baada ya siku moja, maji ya dripu chini ya ngozi ya mgongo kwa ajili ya figo. Daktari alimfundisha Mama Kijiko kuinua ngozi kama hema dogo na kuingiza sindano, naye alijifunza kwa mara moja. Mwisho kabisa, daktari alikuwa ameongeza kwa mwandiko wake na kupigia mstari: Usimsimamie.

"Nini maana yake, usimsimamie?" Mama Kijiko aliuliza.

"Maana yake muwekee, halafu uondoke," alisema Fundi.

"Niende wapi?"

"Popote."

Alipasha kuku aliyesagwa, asiye na kitu kingine chochote ndani yake, hata chumvi. Ilimuuma kumpa mtu chakula kisicho na ladha. Akakiweka kwenye sahani pana, karibu na meza ya redio. Shangazi alikuwa amekaa upande wa pili wa chumba, shavu moja limevimba, mguu wa mbele umenyolewa pale ilipoingia dripu, anawatazama wote wawili kana kwamba ni wapangaji waliochelewesha kuhama.

Mama Kijiko akarudi hatua moja. Akasimama.

"Nje," alisema Fundi.

Akatoka. Akachungulia dirishani. Fundi, bila kuinuka, akavuta pazia.

Basi akachukua ufagio, akaanza kufagia uwanja. Alikuwa ameufagia asubuhi. Alifagia kutoka mlangoni hadi kwenye ukuta, akarudi, akafagia tena kwa upande mwingine. Alisikia redio moja ikiwashwa ndani, ikazimwa. Alisikia kiti kikisogea. Kisha hakusikia kitu, na huko kutosikia kitu kulikuwa kubaya kuliko yote.

Pazia likafunguka kidogo. Fundi alionyesha vidole vitatu, kisha vinne. Mara nne alikuwa amelamba. Akaonyesha mkono mzima.

Mama Kijiko aliegemea ukuta, ufagio mkononi, machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

Shangazi aliishi miezi kumi zaidi. Hakunenepa tena. Kulikuwa na wiki nzuri na wiki mbaya. Kuna siku alikula kama kijana, na kuna siku alinusa chakula akaondoka, na Mama Kijiko aliitoa sahani bila neno na kuijaribu tena baada ya saa mbili. Alijifunza kuinua ule mdomo kwa kidole gumba na kutazama rangi ya fizi. Pale hospitalini bado alipanda na kijiko chake, lakini sasa alianza kwa kuuliza panapouma, na wapo aliowakalia tu bila kukigusa, goti likimcheza.

Kutulia hakujifunza. Kila alipomwekea Shangazi chakula alitoka nje na kufagia, hata siku za mvua. Jirani yao kinyozi, ambaye kiti chake cha kazi kilitazama uwanja wao, alivumilia wiki kadhaa, mwishowe akashindwa. Alimwacha mteja amepakwa povu nusu ya uso, akasogea ukutani.

"Mama, samahani. Kila siku nakuona. Hapo hakuna hata jani. Unafagia nini?"

Mama Kijiko hakuacha kufagia. "Sifagii, baba," akasema. "Kuna mtu anakula ndani."